Utafiti wa tabianchi Kisumu, Nakuru na Magharibi: mwongozo kamili kwa mwanajiografia anayeanza

Kila mwaka wanafunzi wa jiografia wa Maseno, Egerton, Masinde Muliro na kwingineko wanapelekea supavaiza kichwa kilekile, "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa…" halafu hapo mwisho unaweka chochote, mahindi, samaki, akina mama, mafuriko. Kichwa hakina neno. Tatizo ni kwamba jibu limeshaandikwa kabla swali halijaulizwa. Mtu anaenda fildi akijua tayari ni tabianchi, anawauliza wazee kama wameona mabadiliko ya tabianchi, wazee wanasema ndiyo (nani atakataa na mgeni amefunga safari?), anachora chati ya duara, walio wengi wamekubali, kazi imeisha. Supavaiza akiuliza mvua yenyewe inasemaje, kimya.

Huu mwongozo ni wa mtu wa masters, au hata wa digrii ya kwanza mwenye projekti, anayetaka kufanya kazi ambayo mtu akiipinga atakuta ina miguu. Nimeupanga kwa hatua, lakini ujue hatua ya tano inaweza kukurudisha ya kwanza na wala hujaharibu kitu.

Hatua ya 1: Chagua mahali padogo, na swali linaloweza kukujibu "hapana"

Achana na "Kenya Magharibi" yote. Chukua lokesheni moja, mto mmoja, upande mmoja wa ziwa. Kisha tunga swali ambalo linaweza kukukatalia. Kwa mfano: je, maji ya Mto Nyando siku hizi yanafika mbali kuliko yalivyofika miaka ya tisini, na kama ni hivyo, ni kwa sababu mvua imezidi, au mto umejaa mchanga, au ni watu wamejenga chini zaidi? Hapo una majibu matatu yanayoshindana, na kila moja linahitaji ushahidi wake.

Angalia Ziwa Nakuru uone vile hii inafanya kazi. Karibu mwaka 2010 ziwa lilikuwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 40, miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60, geti kuu la mbuga likamezwa na watu wa upande wa Mwariki wakaanza kuhama. Kila mtu ana sababu yake. Wengine mvua, wengine ni msitu wa Mau uliokatwa kwa hivyo mito ya Njoro, Makalia na Enderit inaleta maji na udongo kwa kasi, wengine ni miamba ya Bonde la Ufa inasogea chini huko, na wengine ni maji ya mji unaokua. Sasa fikiria kama mwanajiografia: Baringo, Bogoria na Naivasha nazo zilipanda kipindi hichohicho. Basi sababu ambayo iko Nakuru peke yake, kama lami na mabati ya mji, haiwezi kutosha yenyewe. Na Ziwa Victoria, ambalo liko bonde lingine kabisa, mwezi wa Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likavuka kidogo rekodi ya 1964. Huo ulinganisho peke yake, bila kutoka nyumbani, umeshapunguza orodha ya washukiwa.

Kinyume chake pia kipo. Aprili 2024 kule Mai Mahiu maji yalishuka usiku yakaua watu wengi, na mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyokuwa imezibwa na takataka za mafuriko, maji yakajaa nyuma yake hadi yakalipua. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, nchi nzima ilikuwa inazama mwezi huo, lakini ukiandika "tabianchi" tu ukaacha lile tuta na ile kalvati, umeficha kitu ambacho mtu angeweza kukirekebisha.

Hatua ya 2: Soma vitu vichache, lakini visome kabisa

Mambo manne usiende fildi bila kuyajua. La kwanza ni misimu: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ila Magharibi na nyanda za juu mvua haikauki katikati, Juni hadi Agosti inaendelea kunyesha, kwa hivyo usinakili maelezo ya Kitui ukayaweka Kakamega. La pili ni Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari ukiwa na joto kuliko wa mashariki, vuli yetu inakuwa nzito, na ndivyo ilivyokuwa 2019, ndiyo maana 2020 maziwa yalifurika. El Nino nayo inasukuma upande huohuo, 1997 zilikutana zote mbili, na mvua ya 1961 ndiyo iliyopandisha Victoria hadi kile kilele cha 1964.

La tatu linawachanganya wengi, na ni tamu sana kwa mtu anayetafuta mada. Modeli nyingi za kompyuta zinazokadiria tabianchi ya dunia zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi, lakini vipimo vinaonyesha masika yalipungua kwa muda mrefu tangu miaka ya themanini, halafu majuzi ikaja miaka ya masika makubwa kama 2018 na 2024. Wataalamu bado wanavutana. Kwa hivyo mtu akikuandikia kwamba "tabianchi inaleta ukame Kenya" au "inaleta mafuriko Kenya", muulize msimu gani na kutoka mwaka gani.

La nne ni historia ya watu kukosea kuhusu mazingira ya Afrika. Kule Machakos, wakoloni miaka ya 1930 walisema Wakamba wanaimaliza ardhi. Mary Tiffen, Michael Mortimore ambaye ni mwanajiografia, na Francis Gichuki wakaja baadaye, wakaonyesha mwaka 1994 kwamba watu waliongezeka mara kadhaa na mmomonyoko ukapungua, kwa sababu watu walichimba matuta na kupanda miti. Moja ya silaha zao ilikuwa picha za zamani zilizopigwa upya mahali palepale. Si kila mtu alikubaliana nao, na hiyo nayo uisome. Na kama unadhani jiografia ni somo la kuchora ramani tu, kumbuka Profesa Simeon Ominde, yule wa Tume ya Elimu ya 1964, alikuwa mwanajiografia.

Hatua ya 3: Vibali, anza mapema kuliko unavyodhani

Mpangilio ni huu: chuo kikubali pendekezo lako, kamati ya maadili ikupe barua (ukihoji watu hukwepi hii), halafu leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, ambayo unaombea mtandaoni, halafu unashuka kaunti, kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu, naibu kamishna, chifu, naibu wa chifu, mzee wa kijiji. Mgeni kutoka nje lazima awe na taasisi ya hapa inayomshikilia. Ukitaka kuingia ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, kuna Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha, pitia huko pamoja na KWS, shirika la wanyamapori. Ufuoni mwa ziwa Kisumu, Homa Bay, Siaya au Busia, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ndiye mwenye nyumba, na barua yako ya Nairobi itasomwa kwa heshima lakini yeye ndiye atakayesema watu wakae chini waongee.

Beba nakala nyingi za karatasi. Chifu hataki kuona barua kwenye simu, anataka kubaki nayo na kuipiga muhuri.

Jambo moja ambalo wengi hulikwepa: kama umeajiriwa kukusanya data ya profesa wa ng'ambo, makubaliano yaandikwe kabla ya kutoka. Nani anamiliki data, nani jina lake litakuwa kwenye makala, na siyo lile jina la kushukuriwa mwishoni. Vijana wengi huku wametembea Budalangi na Nyakach na gambuti, wametafsiri kila neno, wamejua nani anadanganya na nani hadanganyi, halafu makala inatoka jina halipo. Kuuliza mapema si ukosefu wa adabu.

Hatua ya 4: Mvua

Idara ya Hali ya Hewa ina stesheni za miaka mingi Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru, omba barua ya chuo kwa sababu data ya kila siku huwa na malipo. Usisahau mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Nandi, huko kuna vipimamvua vya siku nyingi na mara nyingine ni kijitabu tu kilichojazwa kwa kalamu, nenda uombe kwa upole.

Kama huna stesheni karibu, tumia CHIRPS, data ya mvua ya wale watu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Inaanza 1981, inachanganya satelaiti na vipimo vya ardhini, na kila kiboksi ni kama kilomita 5. Ni ya bure. Jumla ya msimu inaipata vizuri, lakini mvua kubwa ya siku moja huwa inaipunguza, na karibu na Ziwa Victoria mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya upepo wa ziwa na zile radi za usiku. Kwa hivyo kwanza ilinganishe na stesheni moja kabla ya kuiamini.

Halafu usikimbilie jumla ya mwaka. Mkulima wa Vihiga akikwambia "mvua imepungua", na wewe ukaangalia jumla ya mwaka ukakuta haijapungua, usiandike kwamba mkulima amekosea. Hesabu mvua ilianza tarehe gani, ilikatika lini, na katikati ya msimu kulikuwa na mapengo ya siku ngapi mfululizo bila mvua. Mara nyingi jibu lake liko hapo, mvua ni ileile lakini inakuja kwa vishindo na mahindi yanakauka katikati. Hesabu pia siku zilizopita milimita 20.

Kuhusu mwelekeo wa miaka, uwe na miaka 30 au zaidi, tumia jaribio la Mann-Kendall (linakwambia kama mwelekeo upo au ni bahati tu) na mteremko wa Sen (unakwambia unapanda au kushuka kwa kasi gani), na ujaribu kubadilisha mwaka wa kuanzia. Ukianza 1984, mwaka wa njaa, mvua itaonekana inapanda. Ukianza 1997 itaonekana inashuka. Mwelekeo unaogeuka kwa kubadilisha mwaka mmoja tu, huo usiutangaze.

Hatua ya 5: Satelaiti

Landsat ya kiwango cha mita 30 iko tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, Sentinel-2 tangu 2015 kwa mita 10, zote bure, na Google Earth Engine inakuruhusu kufanya kazi yote kwenye brauza hata laptopu yako ikiwa ya zamani. Ramani za mwisho zichore kwa QGIS, programu ya kuchora ramani. Haya sitayarefusha, mafunzo yamejaa mtandaoni. Nitasema yale ambayo mafunzo ya watu wa nchi nyingine hayatakwambia.

Ukipima ukubwa wa ziwa kwa fahirisi ya maji (hesabu ya rangi za picha inayotenga maji na nchi kavu), Ghuba ya Winam itakudanganya. Gugu maji likitanda, kompyuta inaona majani mabichi na inasema ni nchi kavu, kwa hivyo utaona ziwa "limepungua" wiki ambayo limejaa hadi mlangoni kwa watu wa Dunga. Gugu husukumwa na upepo, basi chukua picha kadhaa za mwezi mmoja na uangalie ni kipi kinahama na ni kipi kimetulia. Nakuru tatizo ni lingine: migunga iliyozama bado imesimama ndani ya maji, na pale pembeni matawi yanaficha maji, kwa hivyo mwambao wako utakuwa ndani kuliko ulivyo kweli. Ongeza Sentinel-1, hiyo ni rada, inapita mawingu na mara nyingi inashika maji chini ya miti iliyopukutika.

Linganisha Januari na Januari, usilinganishe Februari ya 1990 na Mei ya 2020 halafu ukashtuka. Na picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu, kifaa chake kiliharibika, usije ukadhani ni mashamba.

Kwa miaka ya kabla ya 1984 nenda Ruaraka kwa Survey of Kenya, uulize picha za ndege na ramani za zamani za 1:50,000. Mtu anaweza kutumia mwezi mzima hapo, lakini ndiyo sehemu inayotenganisha kazi nzuri na kazi ya kawaida.

Hatua ya 6: Fildi

Kwanza ratiba. Nyanza usipange mahojiano Jumamosi, nusu ya watu wako matangani na nusu nyingine ni Wasabato wako kanisani. Wavuvi wa omena wanafanya kazi usiku, asubuhi wanauza na kuanika, kwa hivyo wape nafasi walale. Uwanda wa Kano una udongo mweusi, mvua ikinyesha saa tisa boda haitoki, basi kazi ya mbali ifanye asubuhi. Jioni karibu na maji kuna viboko, hapo hakuna mjadala.

Hojaji weka kwenye programu ya KoboToolbox kwa simu, inafanya kazi bila bando na unatuma jioni ukipata mtandao. Itafsiriwe kwa Dholuo, Kiluhya cha hapo au Kikalenjin na mtu wa hapo, kisha mwingine airudishe kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza, muone mlipotofautiana. Akina mama wahoji kando na wanaume, kwa sababu maji, kuni na shamba la nyumbani ni wao wanayajua, na mbele ya mzee wataitikia tu.

Neno "tabianchi" usilitamke mpaka mwisho. Uliza maisha. Ulipanda lini mwaka huu? Na ulipoolewa hapa mlikuwa mnapanda lini? Kisima kilikauka mwaka gani? Watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio, kwa hivyo kabla ya kuanza chora mstari wa miaka na wazee wa hapo: mvua ya Uhuru, jaribio la mapinduzi la 82, njaa ya 84, El Nino, vurugu za uchaguzi wa 2007, korona. Kisha kila jibu unalifunga hapo. "Maji yalifika hapa kabla au baada ya El Nino? Huyu kijana wako alikuwa amezaliwa?" Mama akisema alikuwa amembeba mgongoni na maji yakamfika kiunoni, una mwaka na una kina.

Hicho kina kipime. Nyumba nyingi za Ahero na Budalangi zina mstari wa matope ukutani, na mwenye nyumba anajua ni wa mwaka gani. Pima kutoka sakafuni kwa futi kamba, piga picha futi ikiwa imeonekana. Lakini sentimita 90 kwa nyumba moja na 60 kwa nyumba nyingine hazikwambii chochote mpaka ujue sakafu ipi iko juu. Na hapa GPS ya simu haitakusaidia, mwinuko wake unaweza kukosea kwa mita kadhaa, na modeli za mwinuko za satelaiti nazo hukosea kwa mita, wakati uwanda wote wa Kano ni bapa. Dawa ni ile ya mafundi: mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, unaujaza maji, mmoja anashika ncha moja kwenye mstari wa matope wa nyumba ya kwanza na mwingine anasimama na ncha ya pili nyumba ya pili, maji yakitulia yako usawa mmoja, unaweka alama kwa chaki. Hakikisha hakuna povu la hewa ndani, likiwepo kipimo chote ni bure. Ukienda hivyo nyumba kwa nyumba unapata uso wa mafuriko kwa sentimita, kwa bei ya mpira tu, na fundi wa kijiji atakufunza vizuri kuliko mhadhara. Mlipe.

Kuhusu malipo ya wahojiwa, fuata kile kamati ya maadili ilikubali, sema mapema ni sukari au nauli, na iwe sawa kwa wote. Usiahidi msaada. Watu wa Budalangi wameandikwa majina mara nyingi, na mtu akiona kalamu anadhani ni orodha ya msaada, basi eleza mara mbili kwamba siyo, hata kama idadi itapungua. Majina na namba za simu zitenge na majibu, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na inakuhusu hata wewe mwanafunzi.

Hatua ya 7: Kuziweka pamoja

Sasa una mvua, picha na maneno ya watu. Zikikubaliana, andika. Zisipokubaliana ndipo kazi inaanza, na usichague ile unayoipenda. Tuseme huko Nyando mstari wa matope umepanda, watu wanasema mafuriko yamezidi, lakini mvua ya juu mtoni haijaongezeka. Basi rudi uangalie kitanda cha mto: omba Mamlaka ya Rasilimali za Maji vipimo vya mto, ona kama kimo kinapanda hata mtiririko ukiwa uleule, hiyo ni dalili kwamba mto umejaa mchanga. Angalia misitu na mashamba ya juu, angalia tuta na daraja lililojengwa lini. Mto ukiwa umejaa mchanga, modeli ya tabianchi haitauchimbua.

Na ukisema "imesababishwa na mabadiliko ya tabianchi", ujue ni dai zito. Kulithibitisha kwa tukio moja kunahitaji modeli zinazolinganisha dunia yenye joto la sasa na ile ambayo haikupashwa joto, na hiyo huifanyi kwa masters. Unachoweza kusema ni kwamba mabadiliko uliyoyapima yanaendana au hayaendani na yale yanayotarajiwa. Wasomaji wazuri watakuheshimu zaidi kwa hilo.

Hatua ya 8: Kurudisha

Andika kurasa mbili kwa Kiswahili, na ramani moja ambayo mtu ataona nyumba ya chifu, shule na soko ndani yake, maana bila alama hizo ramani ni karatasi ya rangi tu. Omba nafasi kwenye baraza, usome matokeo, uache watu wakukosoe, kwa sababu kuna mzee atasimama aseme ule mstari wa matope wa nyumba ya tatu ulikuwa wa mwaka mwingine, na anaweza kuwa sawa. Rekebisha kabla ya kuwasilisha tasnifu.

Nakala peleka kwa kamati ya mipango ya tabianchi ya wadi, hizi ziko siku hizi chini ya mpango wa FLLoCA, ule wa kufadhili miradi ya tabianchi ya mashinani, na zinatafuta ushahidi wa kuandikia miradi. Nyingine acha kwa BMU, nyingine kwa shule ya sekondari ya karibu, mwalimu wa jiografia ataitumia. Ukichapisha, kimbia majarida yanayokuandikia barua pepe ya kukusifu halafu yanadai pesa ndani ya wiki. Data yenyewe, bila majina ya watu, iweke kwenye hifadhi ya chuo pamoja na maelezo ya namna ulivyopima, sakafu ipi ilikuwa ya kuanzia na chaki uliiweka wapi, ili atakayekuja baada ya mafuriko mengine aanze na mpira wake pale ulipoishia.